Imam Ghazali na Maradhi ya Huzuni

Twapenda katika ukurasa huu kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake halikosekani katika darasa za pwani yetu, wala katika darasa yetu ndogo ya huku Theta, baina ya Ruiru na Thika, ambako wengi wetu tumekuja kutafuta riziki. Huyu ni Imam Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam. Kitabu chake, Ihyau Ulumid Din, chasomwa misikitini mwetu, na watu hulia kwa mawaidha yake. Lakini liko jambo moja katika maisha yake ambalo hupitwa upesi. Nalo ni kwamba Imam huyu, akiwa katika kilele cha elimu na cheo, alishikwa na maradhi ambayo hayakuwa homa wala jeraha. Ulimi wake ulifungika, chakula kikamshinda, na matabibu wakasema kwamba ugonjwa umo moyoni.

Jambo hili twataka kulikalia leo, kwani maradhi ya namna hiyo yamo majumbani mwetu, na sisi twayafunika kama aibu.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad, na kun-ya yake ni Abu Hamid. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058 wa Miladi, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, mahali ambapo leo pamo katika Iran upande wa kaskazini mashariki. Baba yake alikuwa mtu maskini, akisokota sufi na kuiuza dukani mwake. Hakuwa na elimu, lakini alipenda sana kukaa na wenye elimu, akiwatumikia na kumwomba Mungu amruzuku mtoto mwanachuoni.

Alipohisi kwamba ajali imekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, akamwachia akiba ndogo ya kuwasomeshea. Akiba ilipokwisha, rafiki yule hakuwaficha watoto. Aliwaeleza kwamba yeye ni fakiri, hana cha kuwalisha, akawashauri waingie madrasa, kwani huko wanafunzi hupewa chakula. Hivyo ndivyo mayatima wawili walivyoingia katika njia ya elimu, kwa sababu ya njaa.

KUSOMA KWAKE

Alianza kusoma fikihi kwao Tus, kisha akasafiri mpaka Jurjan. Yasimuliwa kwamba aliporudi safari hiyo, wanyang'anyi waliushambulia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na mfuko wa karatasi alizoandikia masomo yake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie karatasi zile tu. Yule mtu akamcheka, akastaajabu ni elimu gani hiyo inayoondoka kwa kuibiwa mfuko. Akamrudishia, na Ghazali akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote moyoni.

Baadaye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramayn Al-Juwayni, mkubwa wa wanavyuoni wa Kishafii wa zama zile, akadumu naye mpaka mwalimu huyo alipokufa mwaka 478 (1085). Kisha akaenda kwa Waziri Nidhamul Mulk, ambaye baraza lake lilikuwa uwanja wa wanavyuoni kushindana kwa hoja. Ghazali akawashinda. Mwaka 484 (1091) Waziri akamteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya katika Baghdad. Alikuwa hajatimiza miaka 35.

CHEO CHAKE BAGHDAD

Huko Baghdad alipata kila wanachokitamani watu. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Mawaziri na maamiri walimheshimu, na ukumbi wa khalifa ulikuwa wazi kwake. Alipotawazwa Khalifa Al-Mustadh-hir mwaka 487 (1094), Ghazali alikuwa miongoni mwa wanavyuoni waliohudhuria bai'a yake.

Lakini tutazame na uzito wa mzigo aliouchukua. Mchana alisomesha. Saa chache alizozipata baina ya kusomesha na kuandika, alizitumia kusoma falsafa peke yake, bila ya mwalimu, muda usiotimia miaka miwili, kisha akaifikiri tena kwa karibu mwaka mzima. Akatunga Maqasidul Falasifa, kisha Tahafutul Falasifa, na vitabu vingine juu yake. Katika muda huo huo dunia ilikuwa ikitikisika. Mwezi wa Ramadhani mwaka 485 (1092) Nidhamul Mulk, aliyemnyanyua, aliuawa. Haukupita muda mrefu Sultani Malik Shah naye akafa, na watoto wa kifalme wakashika panga wao kwa wao.

Na kabla ya hapo Imam alikwisha kupitiwa na msukosuko mwingine wa nafsi. Aliingiwa na shaka katika kila kitu, hata katika yale yaonwayo kwa macho, akakaa katika hali hiyo karibu ya miezi miwili, asimwambie mtu. Mwenyewe ameeleza kwamba hakutoka humo kwa hoja alizozipanga, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake.

MARADHI YALIVYOMSHIKA

Mambo makubwa yalianza mwezi wa Rajab mwaka 488, yaani Julai 1095. Imam alikuwa na umri wa miaka 38 kwa hisabu ya Hijra. Alikwisha kuitazama nafsi yake bila ya kuipendelea, akaona kwamba kusomesha kwake, ijapokuwa ni amali njema, hakukuwa kwa ajili ya Mungu peke yake. Ndani yake mlikuwa na kupenda sifa na jaha. Akajiona amesimama kwenye ukingo wa genge. Lakini kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kitu kingine. Asubuhi huazimia kuiacha Baghdad na vyote vilivyomo, na jioni azma ile imekwisha kuvunjika. Hutanguliza mguu mmoja na kurudisha mwingine. Karibu miezi sita alikaa hivyo, akivutwa huku na huku.

Kisha jambo likatoka mkononi mwake. Ulimi ulifungika. Alijilazimisha kusomesha japo siku moja, ili aziridhishe nyoyo za waliomjia, na neno halikutoka. Mwenye kufikiri na aliwaze jambo hili. Mtu ambaye riziki yake, heshima yake na ibada yake vyote vilikuwa katika ulimi, ameketi mbele ya wanafunzi, na ulimi haumtii.

Kufungika huko kukamtia huzuni moyoni, na huzuni ikashuka mwilini. Hamu ya kula na kunywa ikamwondoka. Mkate uliolowekwa katika mchuzi, chakula cha wagonjwa na watoto, haukupita kooni. Tonge moja tumbo halikuweza kuisaga. Nguvu zikamwisha.

Matabibu wakamtibu hata wakakata tamaa ya kumponya kwa dawa zao. Wakatoa uamuzi kwamba hili ni jambo lililoshuka moyoni, na kutoka moyoni limeenea katika mizaji ya mwili, na kwamba haliwezi kutibika mpaka moyo upumzishwe na ghamu iliyoushika. Uamuzi huu ulitolewa zaidi ya miaka 900 iliyopita, nao wataka kutazamwa vizuri. Katika maelezo aliyoyaacha Imam mwenyewe, matabibu wale hawakusema kwamba anajifanya. Hawakusema kwamba imani yake imepungua, wala kwamba amepandwa na pepo. Walisema ana maradhi, wakaonyesha mahali yalipo na yalivyotembea mpaka yakafika tumboni.

Naye Imam hakuwafukuza kwa kusema kwamba mwenye Qur'ani kifuani hahitaji tabibu. Aliwasikiliza, akaona kwamba wamesema kweli. Hapo ndipo alipomwelekea Mola wake kwa unyenyekevu wa mtu aliyeishiwa na kila hila, na Mola akamfanyia wepesi lile lililokuwa zito, yaani kuacha cheo na mali.

MANENO YA WATU

Mwezi wa Dhul Qa'da mwaka huo huo aliondoka Baghdad. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, na moyoni mwake alikusudia Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasimzuie. Mali yake aliigawa, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Mahali pake pa kusomesha akapashika ndugu yake Ahmad.

Watu hawakunyamaza. Waliokuwa mbali na Iraq walidhani kwamba amewakimbia watawala. Waliokuwa karibu, walioona jinsi watawala walivyomng'ang'ania, walisema kwamba hili ni jicho baya lililowapata Waislamu na wanavyuoni wao. Tena wako waliomlaumu kwa kuacha cheo walichokiona kuwa ndicho kikomo cha dini. Almuradi kila mtu alikuwa na tafsiri yake, na mgonjwa alikuwa peke yake na ugonjwa wake. Je, miji yetu si hivyo hivyo mpaka leo? Mtu akijifungia chumbani wiki mbili, jirani mmoja atasema amerogwa, wa pili atasema amefilisika, wa tatu atasema ni kijicho. Atakayebisha hodi na kumwuliza anaumwa na nini, huyo ni nadra.

KUPONA KWAKE

Imam alikaa Damaskasi karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu, akijifungia mlango mchana kutwa kwa ibada na kufikiri. Kisha akaenda Baitul Muqaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) katika Al-Khalil, akahiji, akazuru Madina. Baadaye maombi ya watoto wake yalimvuta, akarudi kwao. Katika miaka hiyo ndipo alipoitunga Ihyau Ulumid Din. Kitabu hicho twakisoma kwa utulivu, na aliyekiandika ni mtu aliyekuwa akijiokota.

Wala tusidhani kwamba alipona mara moja kama mtu anayeamka usingizini. Mwenyewe ameeleza kwamba katika miaka hiyo shughuli za maisha na haja za watoto zilikuwa zikimsumbua, na utulivu wa moyo ukimjia nyakati mbali mbali, naye hakuukatia tamaa. Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha Nishapur, baada ya miaka 11 tangu kutoka Baghdad. Aliona kwamba hakurudi kama alivyoondoka. Zamani alisomesha elimu ya kupatia cheo, na sasa elimu ya kuachia cheo.

Kisha akaandika kitabu kiitwacho Al-Munqidh Minadh Dhalal, akaeleza humo habari ya shaka yake, kufungika kwa ulimi wake, tumbo lake, na uamuzi wa matabibu. Angeweza kuyaficha. Alikuwa na maadui waliotafuta aibu zake, na hapana aliyemlazimisha kusema. Aliyasema ili anufaike mwingine.

Mwisho wa umri wake alikaa Tus, akajenga mahali pa wanafunzi karibu na nyumba yake, akashughulika na hadithi za Mtume (S.A.W.) katika Bukhari na Muslim. Alikufa siku ya Jumatatu, 14 Jumadal Akhira mwaka 505, sawa na Desemba 18, 1111. Ndugu yake Ahmad amesimulia kwamba asubuhi hiyo alitawadha, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, kisha akanyosha miguu, akaelekea kibla, na roho yake ikatoka kabla ya jua kuchomoza. Aliacha watoto wa kike tu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

NI MARADHI GANI HAYA?

Hatuwezi kumpima mtu aliyekwisha kufa miaka mia tisa, wala hatutaki kuipunguza toba yake tuifanye kuwa ugonjwa mtupu. Toba yake ilikuwa toba, na maradhi yake yalikuwa maradhi. Yote mawili yalikutana katika mtu mmoja, wala moja halikanushi la pili. Lakini dalili alizozitaja, yaani huzuni isiyoondoka, kushindwa na kazi aliyoizoea, kukosa hamu ya chakula, kuishiwa na nguvu na kushindwa kukata shauri, ni zile zile ambazo matabibu wa leo huziangalia katika maradhi yaitwayo sonona. Neno hili latoka katika kusonona, yaani kuumia kwa ndani.

Huzuni peke yake si maradhi. Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipokufa mwanawe Ibrahim, na Nabii Yaqub (A.S.) alipoteza macho yake kwa kumlilia Yusuf, na hapana Muislamu awezaye kusema kwamba imani zao zilikuwa dhaifu. Maradhi ni pale huzuni au kukosa raha kunapomkalia mtu takriban kila siku, mchana kutwa, wiki mbili au zaidi, na pamoja nayo usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, mwili ni mzito, fikra hazikusanyiki, na mtu anajiona hana thamani, pengine hata anatamani kufa. Sababu zake ni nyingi: msiba, kupoteza kazi, maradhi ya muda mrefu, uzazi kwa mwanamke, au asili iliyomo katika ukoo. Na pengine hapana sababu iwezayo kuonekana.

Wala wasidhani vijana wetu kwamba elimu hii imeanza Ulaya. Zaidi ya karne moja kabla ya kuzaliwa Ghazali, alikuwako mwanachuoni aitwaye Abu Zayd Al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 (934). Alitunga kitabu kiitwacho Masalihul Abdani wal Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu kwa kuuandikia mwili na kuisahau nafsi. Aligawa huzuni mafungu mawili: moja lenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na la pili lisilo na sababu ijulikanayo, ambalo alilirudisha katika hali ya mwili. Akafundisha kwamba nafsi hutibiwa kwa mazungumzo na fikra njema, na mwili kwa dawa, na kwamba mtu ajiwekee fikra njema wakati wa uzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alianza kujenga katika Kairo hospitali kubwa ya wakfu iliyokuwa na upande wa wagonjwa wa akili. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Waislamu.

IMAM ALIVYOFUNDISHA JUU YA TIBA

Katika Ihya, kitabu cha elimu, Imam ameihesabu elimu ya utabibu kuwa ni fardhi kifaya. Mji ukikosa tabibu, wote waliomo wana dhambi. Kisha amewalaumu wanavyuoni wa zama zake, ambao wote walikimbilia khitilafu za fikihi kwa sababu zinawapatia vyeo na kusimamia wakfu na mali za mayatima, ilhali miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu. Lawama hii ilipoandikwa ilikuwa ya Khurasani na Iraq. Leo kila mji wa pwani yetu na aitazame, aone kama haimhusu. Tuna vijana wangapi waliohitimu vyuoni mwetu? Na kati yao wangapi tumewahimiza wasomee tiba ya nafsi, ili bibi wa Kiislamu aliyezaa na kuingiwa na giza apate wa kumweleza ambaye anaijua dini yake na lugha yake?

Katika kitabu cha tawakkul, Imam amezigawa sababu za kuondoa madhara sehemu tatu. Ziko zilizo yakini, kama maji kwa mwenye kiu, na kuziacha hizi kwa kuchelea kufa si tawakkul bali ni haramu. Ziko za dhana yenye nguvu, kama dawa za matabibu, na kuzitumia hakuvunji tawakkul. Na ziko za kuwazia tu, na hapo ameweka kuchoma kwa moto na azima. Mtu asifahamu kwamba twakataza kumsomea mgonjwa Qur'ani. La, hilo ni jema na lina asili. Lakini Imam ameweka kila kitu mahali pake, na dawa ya tabibu ameiweka juu ya azima. Sisi tumegeuza. Twaanza na hirizi, twaenda kwenye kombe, twatoa mbuzi na ngoma ya kupunga pepo, na hospitali twaikumbuka mgonjwa akiwa mifupa mitupu. Kupunga pepo kwa ngoma na kafara hakumo katika dini, na fedha inayopotea humo ingetosha kumtibu mgonjwa.

YATUPASAYO

Kwanza, tuache kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo. Neno hilo ni sawa na kumpiga mtu aliyevunjika mguu ili atembee. Aliye na sonona tayari anajilaumu usiku na mchana, na lawama yetu humwongezea mzigo.

Pili, tumpeleke kwa tabibu mapema, tusimwache kusali na kuomba dua. Anayekaa Theta, Ruiru au Thika aweza kuanza kwa tabibu wa kawaida, naye atamwelekeza. Katika njia ya Nairobi, kando ya barabara kuu ya Thika, ipo hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kwa wagonjwa wa akili. Jina lake tumelifanya kuwa tusi la mitaani, na kwa sababu hiyo wagonjwa wetu huogopa hata kushuka garini karibu na mlango wake. Mombasa ipo hospitali ya Port Reitz yenye sehemu ya wagonjwa hao, na Unguja ipo Kidongo Chekundu. Haya ni majina ya mahali pa tiba, nayo yatamkwe kwa adabu.

Tatu, tiba ina subira. Iko ya mazungumzo na mwenye ujuzi, na iko ya vidonge. Vidonge havifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki kadhaa, na mtu asiviache ghafla kwa kujiona amepona bila ya kumwuliza tabibu wake. Aliyesoma kwamba Ghazali alichukua miaka hataona wiki chache kuwa nyingi.

Nne, mgonjwa akitaja kutaka kufa, hilo si la kumkemea wala la kungojea kesho. Asiachwe peke yake, aondolewe karibu naye vya kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Katika Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa ni kosa la jinai lenye kifungo cha hata miaka miwili, na watu wengi waliwaficha wagonjwa wao kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Kujiua ni haramu, na hapana khitilafu katika hilo. Lakini aliyezidiwa na ugonjwa ni wa kuokolewa kwanza, na hukumu ya yaliyomo moyoni mwake ni ya Mola wake.

Tano, tusimwige Imam katika kuacha kazi na kuwahama watoto tukadhani hiyo ndiyo dawa. Yeye alikuwa na riziki ya kuwaachia na ndugu wa kushika mahali pake. La kumwiga ni ukweli wake. Alipoumwa alikubali kwamba anaumwa, alisikiliza wenye ujuzi, alimwelekea Mungu wake, akabadilisha lile lililokuwa likimla moyo, na alipopona hakuona haya kusema.

Na pengine katika wanaousoma ukurasa huu yuko ambaye ulimi wake umefungika, ambaye wiki ya tatu sasa hakuonja ladha ya chakula, na anadhani kwamba Mungu amemtupa. Ndugu yetu, dada yetu, Mungu hakukutupa. Njia hii alikwisha kuipita mtu ambaye umma wote humwita hoja ya Uislamu. Mweleze mtu mmoja umwaminiye leo, kisha muende pamoja kwa tabibu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nyoyo, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe wa kubisha hodi, tusiwe wa kutoa tafsiri mlangoni. Amin.